Kiingereza cha biro: neno moja, maana mbili



Leo tunaongea juu ya jambo linalowagusa wote walio na kazi katika mashirika, na hata wale ambao bado wanaitafuta: Kiingereza cha kazini. Hatusemi kile cha shule, cha kusalimia mwalimu asubuhi. Tunasema kile cha biro, cha imeli, cha radio ya masentineli na cha vikundi vya WhatsApp vya kazi. Unasikia maneno matano, kila moja unalijua, lakini ukiyaunganisha hupati kitu. Au mbaya zaidi, unapata kitu ambacho mkubwa wako hakusema kabisa.

Watu huwa wanacheka juu ya mambo haya, na sisi pia tutacheka kidogo. Lakini ndani yake kuna mshahara, kuna mkataba, na siku nyingine kuna usalama wa mtu.

Kiingereza kilitufikia kwa njia gani?

Nchi yetu ni ya Kifaransa. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ndiyo lugha ya serikali, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Hapa Goma mtoto anasikia Kiswahili kwenye avenyu, na nyumbani pengine Kinande, Kihunde, Kihavu, Mashi au Kinyarwanda. Shuleni anakuta Kifaransa. Kiingereza hakikuwa na kiti katika nyumba hiyo.

Kiti kililetwa na mambo makubwa yaliyotupata. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada kutoka pande zote za dunia. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya mji, na misaada ikaja tena. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUC, ambacho tangu 2010 kinaitwa MONUSCO, kilituletea watu wa India, wa Uruguay, wa Afrika Kusini, wa Tanzania. Wengi wao hawajui Kifaransa, na kati yao wanaelewana kwa Kiingereza.

Upande wa pili wa mpaka, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha watoto wake kwa Kiingereza. Kwa hiyo mama anayevuka Petite Barrière na bidhaa zake anakutana na vijana waliosoma kwa lugha hiyo. Na mwezi wa 7 mwaka 2022 nchi yetu ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulioanzisha Jumuiya hiyo uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kuunganisha watu.

Ndiyo maana leo tangazo la kazi ya usafi, ya upishi au ya ulinzi linaweza kuomba mtu anayejua Kiingereza kidogo. Mama anajifunza hicho kidogo, anapata kazi, anafurahi. Halafu anaingia bironi na kukuta kwamba watu hawasemi kile alichojifunza. Wanasema kwa mafumbo.

Fumbo si geni kwetu

Tusiogope. Sisi wenyewe ni watu wa mafumbo. Tukisema mzee fulani amekula chumvi nyingi, hatumpeleki hospitali kupimwa presha. Tunampa kiti. Tukisema jirani ana mkono wa birika, tunajua hatoi kitu. Kijana akipata jiko, hatumwulizi kama ni la makala au la umeme, tunauliza harusi ni lini. Na hapa Congo, mtu akikuomba "madeso ya bana" ili akusainie karatasi, unajua kwamba hakuna haragi hata moja katika jambo hilo.

Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema mtu "amemwaga unga" wakiwa na maana kwamba amepoteza kazi. Mgeni aliyesoma Kiswahili miezi mitatu akisikia hivyo, atakwenda kutafuta ufagio.

Sisi katika Kiingereza ni kama mgeni huyo. Kosa haliko katika akili zetu. Fumbo la lugha yoyote haliwezi kuvunjwa kwa kutafsiri neno moja moja, linajulikana kwa kuulizwa. Ndilo jambo tunalotaka kila mama alishike leo. Hebu sasa tupitie baadhi ya mafumbo hayo, tukianza na yale yanayoweza kutugharimu zaidi.

Maneno ya kumwagisha unga

Lile la kwanza ni "we have to let you go". Ukilitafsiri neno kwa neno, ni "inatubidi tukuache uende". Tuseme mama anayefanya usafi katika biro anaambiwa hivyo Ijumaa mchana. Anasikia ruhusa ya kutoka mapema. Anajibu "thank you", anafunga kitambaa chake, anapita soko la Virunga kununua sombe, anarudi nyumbani na furaha. Jumatatu asubuhi sentineli hamfungulii mlango. Maneno yale yalikuwa ya kumwachisha kazi, lakini yalikuwa yamefungwa ndani ya pamba.

Yako mengine ya ukoo huohuo. "We are parting ways" si kuagana barabarani kila mtu akishika njia yake, ni mwisho wa kazi. "Your job is on the line" maana yake kazi yako iko hatarini, usicheze nayo. "We will keep your CV on file" inasikika kama ahadi kwamba karatasi zako zimewekwa mahali pazuri. Mara nyingi ni "hapana" ya heshima. Usikae miezi mitatu karibu na telefoni ukingoja, endelea kutafuta pengine.

Kwa nini tunaanza na haya? Kwa sababu tangu 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la USAID, mashirika mengi yamepunguza watu, na maneno haya yamesikika sana. Na sheria yetu haijali pamba. Sheria ya kazi ya Congo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inadai kwamba anayevunja mkataba wa kazi amjulishe mwenzake kwa maandishi. Kwa mkataba usio na tarehe ya mwisho, mwajiri anapaswa pia kueleza sababu na kutoa muda wa taarifa usiopungua siku 14 za kazi. Kwa kila mwaka mzima wa utumishi zinaongezwa siku 7. Mama aliyefanya kazi miaka mitatu anahesabu 14 na 21, yaani siku 35 za kazi. Mama aliyesema "thank you" na kwenda sokoni hajui hata kwamba hesabu hiyo imeanza, na hajui kwamba angeweza kuomba barua.

Maneno ya saa

"Deadline" tumeizoea hata katika Kiswahili chetu cha mji: siku ya mwisho ya kutoa kazi. Wachache wanajua ilikotoka. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndani ya gereza la Andersonville mwaka 1864, kulikuwa na mstari ambao mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Huo ndio mstari wa kifo. Leo hakuna anayepigwa risasi kwa ripoti, lakini neno limebaki na ukali wake. Mkubwa akisema "deadline", hasemi "ikiwezekana".

"COB" inaandikwa sana katika imeli. Ni kifupi cha "close of business", mwisho wa saa za kazi. Swali la kuuliza ni hili: saa za wapi? Sisi Goma tunatangulia Kinshasa kwa saa moja. New York iko nyuma yetu kwa saa sita au saba, kufuatana na majira yao. Mtu aliyeko kule akisema kabla ya "COB", pengine kwetu watoto watakuwa wamelala zamani. Uliza, usikimbie bure na usichelewe bure.

"At the eleventh hour" maana yake ni dakika za mwisho kabisa. Hapa wazee wetu wanaohesabu saa tangu jua linapotoka wanaelewa mara moja kuliko vijana. Neno linatoka katika Injili ya Mathayo, katika habari ya vibarua walioitwa shambani saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama.

"Put it on the back burner" ni neno la jikoni. Jiko la wazungu lina moto wa mbele na wa nyuma, na chungu kisicho na haraka kinawekwa nyuma. Ukiambiwa mradi wenu umewekwa huko, haujakataliwa, lakini hakuna anayeukoroga. Na "let's call it a day" haikuombi utaje kama ni Jumanne au Jumatano. Ni kusema: kwa leo yatosha, twendeni nyumbani.

Maneno ya feza

Wamama wa kushona, wa kupika na wa kuuza, hapa mtege masikio.

Mteja akikuomba "a ballpark figure", anataka bei ya kukadiria. "Ballpark" ni uwanja wa mchezo wa besiboli wa Wamarekani, na maana yake ni kwamba hesabu iwe karibukaribu, si lazima iwe kamili. Tatizo ni kwamba bei hiyo ya karibukaribu mara nyingi inaandikwa katika bajeti, na baada ya hapo haitoki. Tuseme kikundi kinaulizwa bei ya sare 200 za wanafunzi. Mama mmoja anataja dola kidogo ili asimkimbize mteja. Mwezi ujao kitambaa kimepanda bei, lakini karatasi ya mteja haijapanda. Kwa hiyo, ukitoa makadirio, andika juu yake kwamba ni makadirio, na taja bei hiyo itadumu siku ngapi.

"Who will foot the bill?" haihusu mguu. Anauliza ni nani atakayelipa. Kama mmealikwa kwa semina, ni vizuri kujua jibu kabla ya kuagiza chakula. "We are in the red" maana yake matumizi yamezidi mapato. Hapo zamani upungufu uliandikwa kwa wino mwekundu katika vitabu vya hesabu.

"Don't cut corners" ni onyo. Mshonaji anakata pembe za kola kila siku ili igeuke vizuri, na hiyo ni kazi safi kabisa. Lakini kwa Kiingereza, kukata pembe ni kuruka hatua ili umalize upesi au utumie kidogo: kuchanganya sementi na mchanga mwingi, kunawisha watoto bila sabuni, kuandika kwamba mmetembelea nyumba 30 wakati mmetembelea 12. Na "under the table" ndiyo madeso yale yale tuliyoyataja. Ukisikia malipo ya "under the table", jua kwamba siku mambo yakifunuliwa, jina lako litakuwa juu ya meza.

Maneno ya hatari

Hapa hatucheki. Mji wetu umeona risasi, umeona Nyiragongo tena tarehe 22 Mei 2021, na maelfu kwa maelfu wakishika barabara usiku. Katika saa kama hizo, ujumbe wa usalama wa kazini unakuja mfupi, na mara nyingi kwa Kiingereza.

"Sit tight" maana yake: bakia pale ulipo, ngoja, usitoke. Anayetafsiri neno kwa neno anabaki na kukaa na kubana, na hajui afanye nini. "The coast is clear" haisemi chochote juu ya Kituku wala juu ya ufuko wa ziwa. Inasema: hakuna hatari, mnaweza kupita. "Heads up" haiombi mtu anyanyue kichwa dirishani. Ni kusema: nawapa habari mapema, mjiandae. Na "we are playing it by ear" inamaanisha kwamba wakubwa wenyewe hawana mpango bado, wanaangalia hali na kuamua polepole. Hilo ni vizuri kulijua, ili na wewe upange jinsi ya kuwachukua watoto shuleni.

Tunaomba viongozi wa kazi wanaosoma ukurasa huu wakubali jambo moja: ujumbe wa hatari usiandikwe kwa fumbo. "Bakieni ndani hadi tuwapigie simu" ni maneno machache, na hata mpishi mgeni kazini anayaelewa.

Maneno ya adabu

Kuna mafumbo mengine ambayo hayana picha yoyote. Yana adabu nyingi tu. Mwingereza anaweza kusema "you may want to check those figures", yaani "labda ungependa kuangalia tena hesabu hizi". Hakuulizi unapenda nini. Anakuambia hesabu zina kosa, rekebisha. Akisema "with all due respect", jiandae, maneno yanayofuata ni ya kukupinga. Akisema "not bad", usihuzunike, pengine ni sifa kubwa. Akisema "can I have a word?", haombi neno moja. Anataka kuongea na wewe pembeni, na mara nyingi kuna jambo zito.

Hata hilo si geni kwetu. Mama mkwe akisema "naona siku hizi mnapika mapema sana", bibi arusi anajua kwamba ameambiwa chakula kilikuwa kimepoa. Tofauti ni kwamba adabu ya kwetu tulinyonya pamoja na maziwa. Ya wengine tunaijifunza tukiwa watu wazima, na mkubwa wa kazi ametukazia macho.

Na wao wenyewe hawaelewani

Mama anayejiona mjinga kwa sababu hakuelewa, asome hii. Kwa Waingereza, "to table" jambo ni kulileta mezani lijadiliwe sasa. Kwa Wamarekani, neno hilohilo ni kuliweka kando, lisijadiliwe. Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, aliandika katika kitabu chake juu ya vita hivyo kwamba wakubwa wa majeshi ya nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya karatasi moja. Waingereza walitaka kuileta mezani upesi, Wamarekani wakakataa kuiondoa, na kumbe wote walitaka kitu kimoja. Kama majenerali waliozaliwa na Kiingereza walikwama, wewe wa Ndosho au wa Majengo una haki ya kuuliza.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tusikimbilie kusema "yes". Wengi wetu tulifundishwa kwamba kumwuliza mkubwa ni kukosa heshima. Lakini kuuliza si ujinga, na katika kazi kuuliza ni sehemu ya kazi. Jifunze sentensi hii kwa kichwa: "Please, can you say it in simple English?" Kama Kifaransa chako ni kizuri kuliko Kiingereza, omba hicho. Kiko katika katiba.

Pili, rudisha ujumbe kwa maneno yako. Sema: "You want the report on Thursday, at four, Goma time. Is that right?" Kama hukuelewa, mwenzako ataona palepale, kabla kazi haijaharibika.

Tatu, jambo lolote linalogusa mkataba, mshahara au kuacha kazi, omba liandikwe. Usisaini siku hiyohiyo karatasi usiyoielewa. Ipeleke kwa mtu anayesoma vizuri. Na ukiona haki yako imekanyagwa, inspekta wa kazi ndiye anayepokea malalamiko ya namna hiyo.

Nne, weka daftari ndogo ndani ya kikapu chako. Andika fumbo lote, si neno moja, na pembeni yake andika hali: nani alisema, wakati gani, nini kikafuata. Baada ya miezi sita utakuwa na kitabu ambacho hakiuzwi dukani.

Tano, hii ni kwa wale kati yetu ambao tumekwisha kupanda, tunaoongoza makutano na kuandika imeli. Tuna tabia ya kubeba mafumbo ya wazungu ili tuonekane tumesoma. Tunamwambia msichana wa mapokezi "keep me in the loop", naye anatafuta kitanzi, wakati tungesema tu "unipe habari kila mara".

Tumekwisha kuona hapa kwetu gharama ya kusema na watu kwa lugha isiyo yao. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na kidogo Kivu ya Kusini, shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya ujumbe uliokuwa ukitolewa. Lilionyesha kwamba maneno ya Kifaransa na ya kitaalamu yaliwachanganya watu, na kwamba watu walitaka kuelezwa wazi, kwa lugha wanayoisema nyumbani. Mama asiyeelewa anaogopa, na anayeogopa hafuati shauri, hata likiwa zuri namna gani.

Kiingereza tujifunze, kwa bidii. Watoto wetu watakihitaji kwa biashara ya mpaka, kwa masomo, kwa kazi za Nairobi na Kampala. Lakini tujifunze tukiwa tumesimama wima, kama watu ambao tayari wana lugha mbili, tatu, nne kichwani, na wanaongeza moja.

Katika makutano yajayo, pamoja na hesabu za kirimba, tutatenga nusu saa kwa jambo hili. Kila mama alete fumbo moja la Kiingereza alilolisikia kazini, mpakani au kwenye telefoni, hata kama hajui maana yake. Hasa kama hajui maana yake. Tutayaandika yote kwenye karatasi kubwa, na wale wanaojua watawaeleza wengine.